Barua ya wazi: Mnatuuliza bunduki, tuulizeni na risasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mkurugenzi wa Wanyamapori,
na Kamishna wa Uhifadhi, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA).

YAH: RISASI ZA KUWINDIA WANYAMA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mimi ni mchunaji mstaafu wa kambi za uwindaji, mkazi wa Ngaramtoni hapa Arusha. Kisu ndicho kilichosomesha watoto wangu. Nimechuna upande wa Longido, nimechuna Simanjiro, na miaka michache nilikuwa Selous kabla haijamegwa mwaka 2019. Bunduki nimezibeba sana, kuzipiga hapana. Kwa hiyo siwaandikii kama mpiga shabaha. Nawaandikia kama mtu ambaye kila mnyama aliyeanguka aliletwa mbele yake, na akatakiwa kumfungua.

Nyumbani nina kopo la Blue Band. Ndani yake kuna vichwa vya risasi hamsini na kitu nilivyovitoa kwenye nyama kwa miaka yote hiyo. Mgeni akimwangusha mnyama mzuri huitaka risasi yake, anakwenda kuiweka kabatini kwao. Zilizobaki kwangu ni zile ambazo hakuna aliyezitaka. Ukizimwaga mezani, nyingine zimechanua kama uyoga, shina fupi na kofia pana. Nyingine zimebaki koti tupu la shaba, kilichokuwa ndani kimetawanyika. Na zipo tatu ambazo hazina mkwaruzo, ungedhani zimetoka dukani leo. Hizo tatu ndizo zilizonifanya niandike.

Ombi langu ni dogo. Fomu nilizowahi kuziona kambini zina mahali pa kuandika mnyama, idadi, namba ya bunduki na unene wa mtutu, yaani upana wa tundu lake kwa inchi, kama .308 au .375. Mahali pa kuandika aina ya risasi sijapaona. Naomba pawepo, na kanuni iseme risasi ipi inafaa kwa mnyama yupi.

Niwape kisa. Alikuja Simanjiro bwana mmoja wa mjini na leseni yake ya mwenyeji, mtu mkarimu, alituletea sukari na majani ya chai hata kabla ya salamu. Bunduki yake ilikuwa .308, safi, imepakwa mafuta vizuri. Risasi zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, hazina boksi. Mfuata nyayo wetu, mzee mmoja wa Kimaasai, alichukua moja akaipitisha kidole gumba kwenye ncha. Imechongoka, shaba mpaka kileleni. Mzee akaniangalia, akairudisha mfukoni, akanyamaza. Mgeni ni mgeni.

Kongoni alipigwa saa kumi na moja jioni, hatua kama mia na hamsini, nyuma ya bega. Tulisikia risasi ikimgonga, ule mlio wa kofi kwenye gunia la unga. Akaruka, akaungana na wenzake, wakaondoka na vumbi lao. Chini tulikuta damu ya ukubwa wa punje ya mtama, tone moja hapa, jingine baada ya hatua kumi. Giza likatukuta bado tumeinama. Kesho yake saa tano asubuhi tulimpata chini ya mgunga, amesimama, kichwa kimeinama, povu la rangi ya waridi puani. Hakukimbia. Nadhani hakuweza tena. Bwana yule alimmalizia, kisha akaenda kukaa ndani ya gari na hakutaka kupigwa picha.

Nilipomchuna niliitafuta tundu ya kuingilia kwa muda mrefu. Kidole changu cha mwisho hakikupita. Tundu ya kutokea ilikuwa hivyohivyo. Risasi ilipenya mapafu kama sindano inavyopenya kanga, ikaenda zake, na kongoni akabaki anajaa damu kifuani polepole usiku kucha. Saa kumi na nane, Waheshimiwa. Na mlengaji alikuwa amelenga sawasawa, penyewe kabisa. Kosa halikuwa mkononi mwake wala kwenye bunduki.

Risasi ile, kama zile tatu za kwenye kopo, ni ya kijeshi, tunayoiita ya koti zima, kwa sababu madini ya ndani yamefunikwa na shaba mpaka nchani. Iko hivyo kwa sababu maalumu. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walitengeneza kwenye kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata kule India, risasi yenye ncha laini iliyokuwa ikifunguka mwilini mwa mtu. Majeraha yake yalitisha, na mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukatoa tamko la kuzuia vitani risasi zinazotanuka au kubapa kirahisi mwilini. Askari akipigwa na ile inayopita moja kwa moja, wenzake wanaweza kumbeba, akafika kwa daktari, akapona. Kongoni hana machela. Kwake yeye tundu dogo safi ndiyo adhabu yenyewe.

Waingereza haohao, kwenye kulungu wao, wameandika kinyume cha lile tamko. (Kulungu wao si huyu wetu wa vichaka vya Meru. Wa kwao dume ana pembe zenye matawi, zinadondoka kila mwaka na kuota upya; ni ukoo mwingine. Lakini moyo na mapafu viko palepale.) Sheria yao ya mwaka 1991 ya England na Wales inataka mtutu usiopungua inchi .240, nguvu isiyopungua futi-pauni 1,700 risasi inapotoka mdomoni mwa bunduki, na kichwa cha risasi kiwe chenye ncha laini au chenye tundu nchani. Yaani ile iliyokatazwa vitani, porini ni lazima. Scotland mwaka 1985 walibana zaidi: kwa kulungu mwekundu kichwa kisipungue greni 100, ambazo ni kama gramu sita na nusu (mwaka 2023 walishusha mpaka greni 80), mwendo usipungue futi 2,450 kwa sekunde, nguvu futi-pauni 1,750, na risasi iwe imeundwa ibadilike umbo kwa namna inayotabirika. Hilo neno “inayotabirika” nalipenda, nitalirudia.

Wajerumani mimi nawaona wana akili zaidi kwenye kupima. Wao hawapimi nguvu mdomoni mwa bunduki, wanapima mita 100 kutoka hapo: joule 1,000 kwa kulungu mdogo, na kwa wanyama wakubwa wenye kwato joule 2,000 na mtutu usiopungua milimita 6.5. Mnyama hasimami mdomoni mwa bunduki.

Sisi kipimo ambacho kila mtu wa kambini anakijua kwa kichwa ni unene wa mtutu. Mnyama wa hatari, .375 kwenda juu. Sina ugomvi nacho. Lakini unene wa mtutu unakwambia ukubwa wa tundu la kuingilia tu. Kinachotokea ndani baada ya hapo ni kazi ya risasi, na risasi mbili zenye unene mmoja na uzito mmoja zinaweza kufanya mambo tofauti kabisa ndani ya kifua kimoja.

Sasa mtu asinielewe kwamba ninapigia debe ulaini. Laini nayo imenitia hasira mara nyingi. Kuna swala pala mmoja alipigwa hatua arobaini na risasi nyepesi yenye mwendo mkali, ya kupigia wanyama wadogo wasioliwa. Iligonga mfupa wa bega ikapasuka hapohapo. Mkono wote ulikuwa uji wa damu na vipande vya mfupa, jeraha la upana wa sahani, na nilipofungua kifua nikakuta mapafu hayajaguswa. Ilibidi apigwe tena mara mbili. Nyama ya mkono ule hata mpishi wetu, ambaye hatupi kitu, aliwapa mbwa wa jirani.

Tatizo hilo lilimkuta hata John Nosler, Mmarekani, mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada. Alimpiga moose, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anayeshinda majini na matopeni, na risasi zake zikawa zinapasuka juujuu bila kufika ndani. Bunduki yake ilikuwa .300 ya Holland & Holland, si bunduki ya mchezo. Hakununua bunduki kubwa zaidi. Alikwenda kuunda risasi yenye ukuta wa shaba katikati: chumba cha mbele kinachanua, cha nyuma kinabaki kizima na kusukuma mpaka ndani. Mwaka 1948 ikaanza kuuzwa, na ninazo mbili kwenye kopo langu. Siku hizi zipo nyingine ambazo madini ya ndani yameunganishwa na koti kwa moto yasiachane, na zipo za shaba tupu, zenye tundu nchani linalopasuka kuwa petali nne au sita. Njia ni tofauti lakini wote wanatafuta kitu kimoja: ifunguke upesi, isisambaratike, ifike upande wa pili. Ikitokea upande wa pili inaacha damu ya kufuatwa, na mfuata nyayo atakwambia kwamba hiyo ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo mnyama ndiye anayechagua risasi. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 70 na mifupa myembamba. Risasi ngumu iliyoundwa kwa ajili ya pofu inaweza kumpita kabla haijachanua. Pofu dume anaweza kupita kilo 700, ana shingo ya ng'ombe na bega la ukuta. Ile ya swala itaishia njiani. Kwa bunduki ya .30-06, ambayo ndiyo nimeiona zaidi mikononi mwa watu, greni 165 au 180 za kawaida zinatosha kwa swala na kongoni, na ukimtaka pofu tafuta 180 au 200 za ile iliyounganishwa au ya shaba. Nawaambia kwa nilichokiona kwa kisu, si kwa kitabu.

Nyati, kiboko na tembo ni habari nyingine, na hapa naomba wanasheria wenu wawe makini wasije wakatukataza yote kwa mkupuo. Kambini tunasema sofu na solidi. Sofu ni ile laini inayochanua. Solidi ni ngumu kwa makusudi, imetengenezwa ipite fuvu la tembo bila kupinda. Kwa nyati wengi hutanguliza sofu nzito, halafu solidi zinafuata. Ukiandika tu “risasi zisizochanua ni marufuku” utakuwa umempeleka mtu kwa tembo mikono mitupu. Lakini solidi ya .375 yenye greni 300 na ile ya kijeshi aliyopigwa kongoni wangu si ndugu, hata kama zote zinang'aa. Hata ile ya shaba tupu inayochanua inang'aa vilevile. Tofauti iko nchani na kwenye maandishi ya boksi, ndiyo maana risasi za kwenye mfuko wa rambo zisikubaliwe getini.

Kuna jambo la pili ambalo sikulijua nikiwa kazini, na linanikosesha raha.

Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni hii inayopigwa, na risasi ni madini yenyewe, mazito, laini, yenye sumu. Kwa muda mrefu vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, basi hatukuona shida. Risasi ya kawaida ikigonga mnyama haichanui tu. Inaacha chembechembe, nyingine ndogo kuliko unga wa sembe, zinasambaa mbali na tundu. Jicho halizioni. Zinabaki kwenye nyama ya pembeni na kwenye matumbo.

Matumbo hayo nani alikuwa anayatupa? Mimi. Kila siku ya kazi, hatua mia kutoka kwenye banda, na tumbusi walikuwa wanajua saa yangu kuliko mpishi. Walitua mmoja mmoja, baadaye wanajaa mti mzima. Niliona ni sadaka. Tumbo la tumbusi lina asidi kali sana, linayeyusha mpaka mfupa, na chembe ya risasi inayeyuka humohumo na kuingia kwenye damu. Botswana watafiti walipima damu ya tumbusi mgongo-mweupe wakakuta madini hayo yamepanda kwenye maeneo na msimu wa uwindaji. Ndege huyohuyo tangu mwaka 2015 yuko kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Najua sumu inayowekwa kwenye mizoga ya ng'ombe ili kuua simba inawaua tumbusi wengi kuliko risasi. Sitaki kuzidisha chumvi. Ila mkono wangu umo.

California walipiga marufuku uwindaji wa risasi za madini hayo, na tangu Julai 1, 2019 katazo linahusu jimbo zima, kwa sababu ya ndege wao mkubwa wa mizoga aitwaye kondori. Denmark imefuata mwaka 2024 kwa risasi za bunduki za rifle. Sisemi tukurupuke kama wao. Risasi za shaba ni ghali, Arusha hazipatikani kila siku, na zinahitaji mwendo ili zifunguke. Mtu akipiga mbali sana inaweza kupita kama ile ya kijeshi na tukarudi kwa kongoni wangu. Halafu shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, na bunduki za zamani nyingine hazikipendi, zinatawanya. Kila mtu ajaribu yake kwanza.

Lakini kuna nyama, Waheshimiwa. Mwaka 2020 mlitoa kanuni za biashara ya nyamapori, mabucha yakaruhusiwa, na mimi nilifurahi kwa sababu nyama nzuri ilikuwa inaliwa kwa kujificha. Sasa nyama hiyo inakwenda kwa mama mjamzito, inakwenda kwa mtoto wa miaka mitatu, ambao madini haya yanawadhuru kwa kiasi kidogo sana. Jimbo la North Dakota huko Marekani, mwaka 2008, nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa maskini ilipigwa eksirei na chembe za risasi zikaonekana kwenye vifurushi vingi, mpaka ugawaji ukasimamishwa. Nyama ilikuwa imekatwa vizuri na mabucha wenye uzoefu. Kisu hakijui kutenga kitu ambacho jicho halikioni. Kama pana mahali pa kuanzia na shaba, ni kwa mnyama anayewindwa kwa ajili ya bucha. Na mpaka hapo, mkaguzi wa nyama awe na ruhusa ya kuamuru nyama ya kuzunguka jeraha ikatwe kwa upana wa viganja viwili na kufukiwa, pamoja na matumbo. Kufukia ni kazi ya nusu saa na jembe. Ningefukia, kama mtu angeniambia.

Najua mtasema kibali cha silaha ni cha Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na cha mnyama ndicho chenu. Sawa, lakini kongoni anakufa, au hafi, kwa kile kilichoko katikati ya vibali hivyo viwili. Kaeni nao meza moja. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kiko hapo juu ya Moshi tangu mwaka 1963, wana walimu na wana uwanja. Waombeni wapige kila aina ya risasi inayouzwa nchini kwenye marobota ya magazeti yaliyolowanishwa, waandike ipi ilifunguka, kwa umbali gani, na ilibaki na uzito gani. Karatasi ile ibandikwe kwenye kila duka la silaha na kila ofisi inayotoa leseni. Mtu wa kawaida anayenunua boksi moja kwa mwaka atajua ananunua nini, na ndipo hilo neno la Scotland, “inayotabirika”, litakuwa na maana kwetu.

Na jaribio la shabaha liwe la lazima kwa mwenyeji kama lilivyo desturi kwa wageni. Kambini mgeni hafiki kwa mnyama kabla hajapiga karatasi, awe tajiri au balozi. Risasi tatu, mita 100, ndani ya kisosi cha chai, kwa risasi zilezile atakazowindia na si nyingine. Yule bwana wa mjini alikuja moja kwa moja kutoka kwenye gari. Angepigishwa karatasi asubuhi ile, mtu angeona risasi zake mapema, na yule mzee wa Kimaasai angekuwa na kanuni ya kuishika mkononi badala ya kunyamaza kwa adabu.

Kopo langu liko tayari. Mkiniita nitapanda kifodi mpaka mjini, au mkitaka nifike Dodoma nitafika, nauli ninayo. Nitazimwaga mezani kwenu na kila moja nitawaambia ilitoka kwa nani, ubavu upi, na alikwenda hatua ngapi kabla ya kulala chini. Zile tatu zisizo na mkwaruzo nimezifunga kwenye kitambaa chekundu ili zisichanganyike.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchunaji mstaafu,
Ngaramtoni, Arusha.